Kanda ya Wasiolalamika

Arrin Cove, Cape Breton
14 Septemba 2015

Wifi Rhoda,

Kwa desturi ningeanza kwa kukuambia kwamba huku sote tu wazima na mashaka yetu ni juu yako wewe huko Halifax. Leo adabu hiyo sina. Nimeshika kijitabu chenu cha karatasi ya kung'aa, ambacho hakifai hata kufungia samaki maana wino wake unatoka.

Nimesoma kwamba hospitali zote za jimbo sasa ziko chini ya Mamlaka moja. Haya. Zamani mlikuwa na bodi nyingi zinazogombana, sasa mna moja inayogombana na nafsi yake. Halafu hiyo moja mmeikata tena vipande vinne mkaviita kanda! Mtu anayeshona shuka ili aichane upya, hapa kijijini tungempeleka kwa daktari, kama daktari angekuwepo.

Lakini hilo si langu. Langu ni ramani. Kuna mstari mwekundu unapita kati yetu na Dunvarra. Sisi tumetupwa Kanda ya Mashariki, na Dunvarra imebaki Kaskazini. Na eti mgonjwa afuate kanda yake, kwa hiyo kuanzia Novemba kaka yako Hector asiende tena Dunvarra kwenye mashine ya kusafisha damu. Avuke mkono wa bahari aende Port Ennis.

Dunvarra ni nusu saa kwa gari, Rhoda. Ana kiti chake pale dirishani, kiti tulichokinunua sisi Umoja wa Akina Mama kwa kuuza pai mpaka mikono ikanuka siagi. Anakwenda mara tatu kwa wiki, kwa sababu figo zake zimekwisha na bila mashine hafiki wiki mbili. Port Ennis ni kwa kivuko. Na kivuko, kama viatu vyako virefu vimekusahaulisha, kinavutwa nchi kavu barafu ikija baada ya Mwaka Mpya, na hakirudi majini mpaka Aprili. Hapo katikati ni kuzunguka kichwa cha huo mkono wa bahari, ziwa letu tunavyouita, na kupanda mlima wa Garve, saa mbili kwenda na saa mbili kurudi, theluji ikitaka. Mtu anayetoka mashineni hana nguvu hata ya kufunga vifungo vya koti lake.

Nitafutie jina la mpumbavu aliyechora mstari huu. Wewe umo humo humo ofisini, unawajua. Nina maneno naye.

Wifi yako,
Murdena

Hector anakusalimu. Anasema hajambo. Usimsikilize.


Halifax
28 Septemba 2015

Wifi Murdena,

Usihangaike. Mpumbavu unayemtafuta ni mimi.

Nilidhani Hector amekwambia. Mwaka mzima nimekuwa mkuu wa upangaji wa kanda, na mstari ule umetoka kwenye meza yangu. Ngoja nikueleze taratibu, maana naona kijitabu kimekushinda. Kila kanda lazima iwe na hospitali kubwa, mkuu wake na fungu lake. Mgonjwa akibaki kwenye kanda yake, kanda inajua iajiri manesi wangapi na inunue mashine ngapi. Akiruka-ruka, hakuna anayejua lolote, na ndivyo tulivyoishi miaka yote. Mstari ni lazima upite mahali, wifi. Ukipita kwa jirani unaitwa mipango, ukipita kwako unaitwa upumbavu.

Na sikuuchora nikiwa nimefumba macho. Tulikuja Arrin Cove mwezi wa Julai, mimi na mkuu wangu Bwana Pruitt. Unakumbuka, ulivaa ile blauzi yako ya zambarau ya harusi na misiba. Mlitulisha kambakochi mpaka Bwana Pruitt akafungua kifungo. Kisha akasimama ukumbini akauliza wazi, kwa kila mtu: je, kuvuka kwenda Port Ennis kuna taabu yoyote? Alasdair wa posta akasema mnavuka hata kwenda kucheza bingo. Watu wakacheka. Halafu ukasimama wewe. Nina maneno yako hapa: "Baba yangu alivuka pale juu ya barafu na farasi, na mama yangu amelala kwenye sleji ya kukokotwa ana uchungu wa kunizaa mimi. Sisi si watu wa kuogopa maji." Ukumbi mzima ukapiga makofi.

Bwana Pruitt aliyapenda maneno hayo hata akayaweka kwenye kijitabu, ukurasa wa mwisho, pamoja na jina lako. Inaelekea hukufika huko.

Jumapili nilimpigia kaka yangu. Nikamwuliza hali. Akasema, "Si mbaya sana." Nikamwuliza habari ya Port Ennis. Akasema, "Nitapaona." Sasa niambie, kati yenu wawili, ni nani anayeumwa?

Wifi yako,
Rhoda


Arrin Cove
9 Oktoba 2015

Rhoda,

Nimefika ukurasa wa mwisho. Kisha nimekitia kijitabu jikoni, na kimewaka kwa moto wa kijani kama kitu cha shetani.

Ulitaka nifanyeje? Mgeni yuko ukumbini kwetu, kambakochi bado kidevuni, anatuuliza kama tuna taabu. Wewe ulitaka nisimame mbele ya kijiji kizima nilie? Ungekuwa mgeni kweli ningekusamehe. Lakini wewe umezaliwa kwenye nyumba hii ninayoandikia! Unajua vizuri kwamba mtu wa hapa, hata nyumba ikiungua nyuma yake, ukimwuliza hali atakwambia leo kuna joto kidogo. Mama yako alipoanguka ngazini akavunjika nyonga, akalala pale chini mpaka padri alipopita mchana kuleta komunyo. Padri akamwuliza, "Bibi, vipi?" Akajibu, "Nimekaa kidogo tu." Wewe mwenyewe uliisimulia hiyo kwenye mazishi yake, na watu wakacheka mpaka wakatokwa machozi. Sasa leo umevaa miwani ya ofisi, "si mbaya sana" umeiandika kama ilivyo, kama karani wa kuja!

Na mlikuja Julai. Nani anauliza habari za njia Julai? Julai hata mbuzi anaweza kwenda Port Ennis. Ungemleta huyo Pruitt wako Februari, tukamlisha viazi baridi, tungeona angefungua kifungo gani.

Ndiyo, nilijitapa. Mdomo ni wangu na nitaula na chumvi. Ila baba yangu alivuka barafu kwa sababu hapakuwa na njia nyingine, si kwa sababu kulikuwa na mtu Halifax mwenye penseli nyekundu. Na siku hizi barafu haishiki kama zamani. Inakuja vipande vipande, haibebi farasi wala haipitishi kivuko. Hilo nalo sikulisema ukumbini, maana hakuna aliyepiga makofi kwa habari ya namna hiyo.

Wewe una mshahara wa kufikiri. Fikiri.

Murdena


Halifax
20 Novemba 2015

Wifi Murdena,

Nimefikiri, tena saa za kazi, kwa hiyo umekwisha pata huduma.

Kuna utaratibu. Mgonjwa akiona kanda aliyopangiwa inamletea taabu, anaweza kuomba apokewe kanda nyingine. Lakini aseme mwenyewe. Si mke wake wala kasisi wake, na hasa si dada yake mwenye cheo, maana mimi nikimpa kaka yangu upendeleo kesho nitasomwa gazetini. Ndiyo maana kila mwezi nesi wa mashine anamwuliza kila mgonjwa swali moja: "Je, safari ya kuja hapa inakupa taabu?" Jibu linaletwa kwetu.

Hector ameulizwa huko Port Ennis. Amejibu: "Hapana. Kivuko kina upepo mzuri."

Upepo mzuri, Murdena. Mwezi wa Novemba.

Siwezi kuhamisha mpaka wa kanda kwa sababu wifi yangu ana ulimi. Ulimi wako naujua tangu siku ulipoingia nyumbani kwetu ukamwambia mama kwamba mchuzi wake wa samaki una maji mengi. Kama hali ya Hector ni mbaya kiasi unachosema, mwambie afungue kinywa. Neno moja linatosha. Nimempigia tena jana, akaniambia habari za mbwa wa jirani kwa dakika ishirini na akapiga wimbo mmoja kwenye fidla. Huyo ndiye mgonjwa wako mahututi.

Nakuomba pia uache kuandika "penseli nyekundu". Tunatumia kompyuta.

Rhoda


Arrin Cove
17 Januari 2016

Rhoda,

Kivuko kimevutwa nchi kavu. Kiko ufukweni kimefunikwa turubai, na upepo mzuri wa kaka yako unapuliza juu yake.

Tunaondoka nyumbani alfajiri. Mimi naendesha, yeye amekaa kando yangu na ndoo miguuni. Kwenda anajikaza. Kurudi ndiko kwenyewe. Misuli ya miguu inamkaza mpaka anapiga dashibodi kwa ngumi, kisha ananiambia, "Samahani, niliona nzi." Nzi, Januari! Kwenye kona za Garve anatapika. Akimaliza anafuta mdomo, anasema mandhari ni nzuri. Wiki iliyopita mlima ulifungwa tukarudishwa na watu wa barabara, siku ya mashine ikapita hivi hivi. Alipofika siku iliyofuata nesi akamwuliza swali lenu. Unajua alijibu nini? "Tulichelewa kidogo."

Nimemwomba. Nimempigia magoti na magoti yangu haya mabovu. Nimemtukana kwa lugha mbili. Ananiambia kuna watu wana shida kubwa kuliko yake. Nimemwuliza ni nani hao, ataje hata mmoja. Akafikiri sana, akasema, "Kuna yule bwana wa Port Ennis mwenye mguu mmoja." Nikamwambia yule bwana anakaa mlango wa pili kutoka hospitali! Akasema, "Hata hivyo, mguu mmoja."

Huo ndio ukoo wenu. Mngefungiwa jenezani mngali hai mngesema ndani kuna kivuli kizuri.

Sasa nakutaka wewe na huyo Pruitt wako mje hapa, mwezi wa Februari, kwa njia ile ile mliyompangia kaka yako. Mtoke Port Ennis mzunguke ziwa, mpande Garve, mtumie gari lenu wenyewe. Mkifika muulizeni Hector uso kwa uso. Nami nakuapia, Rhoda, safari hii hamli kitu kwangu. Hakuna kambakochi, hakuna biskuti za shayiri, hata chai hamtaionja. Nimejifunza. Ninyi mkishiba hamsikii.

Murdena


Halifax
26 Januari 2016

Wifi,

Tunakuja Jumanne ya tarehe 16 Februari. Bwana Pruitt, mimi na wengine wawili wa ofisi. Tutapita njia uliyoamuru. Bwana Pruitt anasema amewahi kuendesha kwenye theluji ya Toronto na haoni sababu ya kelele.

Mwandae kaka yangu aseme la moyoni. Hatutapata nafasi nyingine kabla kanda hazijapitishwa moja kwa moja mwezi wa Machi.

Habari ya chai nimeichukua kama mzaha.

Rhoda


Halifax
19 Februari 2016

Murdena,

Kumbe haikuwa mzaha.

Nina miaka hamsini na nane na sijapata kuona jambo kama lile, tena jikoni kwa mama yangu! Watu wanne tumetoka kwenye barabara ile, tumekwama mlimani nyuma ya lori, Bwana Pruitt hasikii vidole, mimi nimetapika kando ya njia kama mlevi, ndiyo, andika hilo ufurahi. Tunaingia ndani, birika linachemka, harufu ya biskuti nyumba nzima. Nawe unajimiminia kikombe kimoja, unakaa, unakunywa, unatutazama. Yule binti wa ofisi alikodolea macho sukari yako mpaka nikamwonea haya. Mbwa ulimpa biskuti, Murdena! Mbwa!

Ningekusamehe yote kama ingekuwa na faida. Bwana Pruitt alikuwa ameiva kwa hasira ya barabara ile, na njia nzima alikuwa akisema, "Hii haiwezekani, hii haiwezekani." Alihitaji neno moja tu kutoka kwa mgonjwa. Akamgeukia kaka yangu, amekaa pale kwenye tai na shati jeupe, akamwuliza, "Bwana Matheson, niambie kweli, unaionaje safari hii?" Na Hector akamwambia, "Si mbaya sana. Wanaisafisha vizuri barabara."

Niliiona kalamu ya Bwana Pruitt ikiandika. Kwenye gari aliniambia faili limefungwa, na kwamba wazee wa pwani wana roho ngumu ya kupendeza. Ya kupendeza!

Umenifedhehesha mbele ya wakubwa zangu na hujapata kitu. Hongera.

Nina swali moja, nalo si la ofisi. Hector alipoinuka kutuaga, alishika ukingo wa meza, nami nikashika mkono wake ili nimsaidie. Ulikuwa baridi, na sweta zilikuwa mbili chini ya lile shati. Rangi yake ile, ndiyo yake ya kila siku? Nijibu bila matusi, ukiweza.

Rhoda


Arrin Cove
28 Februari 2016

Rhoda,

Siwezi, lakini nitajaribu.

Rangi ile uliyoiona ilikuwa nzuri. Asubuhi ile aliamka mapema, akanyoa ndevu, akajipiga mashavu makofi mbele ya kioo ili damu ije. Nilimkuta amejifungia chooni anajizoeza kusimama bila kushika kitu. Mlipoondoka, hata gari lenu halijafika kwenye posta, alianguka kitandani na viatu vyake, akalala mpaka kesho yake jioni. Huyo ndiye mliyekuja kumwona. Mgonjwa alikuwa chini ya shati.

Sasa sikia yaliyofuata. Jumatatu iliyopita dhoruba ilifunga Garve. Jumatano ikafunga tena. Mara mbili amekosa mashine. Jumatano jioni maji yalimjaa kifuani, akawa anapumua kama mtu aliyefunikwa mto usoni, na midomo ikawa ya buluu. Alasdair wa posta alimkimbilia mwanawe mwenye gari la kusukuma theluji, tukampakia Hector mbele pale pamoja na mimi, tukaenda Dunvarra. Njia ile ile ya nusu saa, wifi. Hata kwa dhoruba haikuzidi saa moja, maana upande wa Dunvarra hakuna mlima.

Walimpokea, nashukuru. Walimsafisha damu, wakamtoa maji, wakamrudisha duniani. Daktari kasema moyo umechakaa na hautakuwa kama zamani. Ijumaa asubuhi nesi mkuu akanijia akilia, akaniambia ile ilikuwa dharura, lakini kuanzia wiki hii arudi kwenye kanda yake. Nilikuwa nimesimama karibu na dirisha. Kiti chake kilikuwa kitupu, Rhoda. Kimetandikwa shuka safi. Wamekipumzisha kwa sababu kanda yao haina mgonjwa wa kukikalia.

Kuna wakati mtu anachoka hata kudharau. Nilikitazama kile kiti, sikupata tusi.

Habari ya chai, nilifanya kusudi na ningefanya tena. Lakini Ijumaa tukiwa njiani kurudi, kaka yako aliniambia kitu, akaniomba nisikuandikie, atakuandikia mwenyewe. Ameomba karatasi. Amenifukuza chumbani. Tangu tuoane sijamwona akiandika zaidi ya jina lake kwenye mashua.

Murdena


Arrin Cove
1 Machi 2016

Mdogo wangu Rhoda,

Murdena anadhani naandika wosia. Mwache adhani, ametulia.

Mimi kulalamika sijui kunaanzia wapi, kwa hiyo nitaanza popote. Hali yangu ni mbaya. Nimeliandika, na nyumba haijaanguka.

Nilimwambia uongo yule Bwana Pruitt. Nikuambie kwa nini. Alikuwa nyumbani kwangu, anatetemeka, na mke wangu amemnyima chai. Niliona aibu. Nikasema katika nyumba hii lazima awepo mtu mmoja wa kumwambia mgeni neno zuri. Nilikuwa nimejiandaa kusema kweli, Rhoda, nilikuwa nimeikariri usiku. Lakini mtu ana baridi jikoni kwako, huwezi tena kumpa lawama. Basi nikampa barabara nzuri.

Barabara si nzuri. Barabara ni ya laana. Namchukia aliyeichonga na nayachukia malori. Murdena anaendesha kama anakimbizwa na deni. Kiti cha Port Ennis kinanichoma mgongo na televisheni yake ina vipindi vya kupika tu, nami siruhusiwi kula chumvi wala viazi. Nesi wa Jumatano anaimba, na sauti hana. Yule bwana wa mguu mmoja anaringa. Misuli ikinikaza nataka kupiga kelele, na sipigi kwa sababu Murdena atatuingiza mtaroni. Naogopa kila tunapopanda Garve. Niliogopa sana kwenye lile gari la theluji, na nilimshika mkono mwana wa Alasdair ambaye nilimfundisha mimi kuogelea. Fidla niliyokupigia kwenye simu, niliipumzikia siku nzima ili niweze wimbo mmoja. Na fidla yenyewe inahitaji nyuzi mpya. Na kijitabu chenu ni kibaya, hata picha ya jalada si ya kisiwa hiki.

Naona ukishaanza si kazi ngumu.

Mama alisema amekaa kidogo tu. Mimi sitaki kukaa kidogo tu. Nataka kiti changu cha Dunvarra. Sitaki kufa kwenye kona za Garve kwa sababu ya adabu.

Mimi ndiye mgonjwa, nami nimesema. Peleka unapopaswa kupeleka.

Kaka yako,
Hector


Halifax
24 Machi 2016

Wifi Murdena,

Niliipeleka. Niliisoma mbele ya kamati nzima, yote, pamoja na nesi anayeimba. Nilipofika kwenye chai, Bwana Pruitt alitazama dirishani.

Akasema mgonjwa mmoja hahamishi mpaka. Nikamwambia sawa, si mmoja. Usiku wa kuamkia kikao nilikuwa nimechukua maneno ya mikutano yote tuliyofanya jimboni kiangazi kile, nikayasoma upya kwa masikio ya nyumbani badala ya masikio ya ofisi. Murdena, niliona haya hata nikiwa peke yangu. Kila kijiji hakina taabu. Wavuvi wa kusini hawana taabu. Bibi mmoja wa vijiji vya wasemao Kifaransa, mwenye oksijeni puani, amesema anapenda matembezi. Kote wamekula vizuri na wageni, kote hawajambo, nasi tukachora mistari yetu kwa hao wasiojambo. Nikawauliza wenzangu ni nani kati yao aliwahi kumsikia mama yake akisema anaumwa. Hakuna aliyeinua mkono.

Mstari umehamishwa. Sasa unapita katikati ya mkono wa bahari, pale ambapo Mungu alikuwa ameuweka tangu mwanzo bila mshahara. Arrin Cove ni Kanda ya Kaskazini. Hector arudi Dunvarra Jumatatu ya tarehe 4 Aprili, kiti cha dirishani.

Moyo wake sina mstari wa kuuhamishia. Hilo nitalibeba mimi.

Mikutano mingine itarudiwa, na nimeamuru irudiwe wakati wa barafu. Nitazunguka mwenyewe. Wenzangu nimewaonya: hakuna kugusa chai ya mtu mpaka ametutukana kwanza.

Rhoda


Arrin Cove
12 Aprili 2016

Wifi Rhoda,

Huku hatuko wazima wote, na ninaiandika hivyo makusudi ili uizoee.

Hector yuko kwenye kiti chake. Anatembea kwa fimbo, ngazi ananiachia mimi nimsukume, na mashua ameiuza bila kuniambia bei, maana yake alidhulumiwa. Daktari hatuahidi miaka. Anatuahidi njia fupi, basi.

Siku ya kwanza pale Dunvarra, nesi mkuu akamfunga mipira, akamwuliza kama walivyoulizana miaka yote, "Hujambo, Hector?" Maskini hakujua. Kaka yako alimjibu kuanzia mgongo mpaka siasa, na alikuwa bado hajamaliza mashine ilipolia. Bibi wa kiti cha pili, ambaye sijapata kumsikia sauti, akasema na yeye kwa kweli miguu yake inawaka moto. Yule wa mlangoni akafuata. Nimekaa pale na kufuma kwangu, chumba kizima kinanung'unika kama mizinga ya nyuki, na nesi anaandika mpaka kalamu imemwishia. Amenishika koridoni ananiuliza nimemfanya nini mume wangu.

Nyumbani ndiyo sisemi. Mchuzi wangu una maji mengi! Ameyasema hayo, mbele ya mbwa.

Njoo msimu wa kambakochi. Chai ipo, na matusi umeshapata ya kutosha. Ila ukifika usimwulize mtu hali kama huna muda wa kukaa. Siku hizi ukiuliza, unajibiwa.

Wifi yako,
Murdena